Sauti ya Mke Wangu na Watu wa Hakimiliki

Mimi niliishia darasa la tatu, pale Msanzi, na kila nilichonacho nimekitoa ardhini kwa mikono hii. Kwa hiyo mtu asiniambie sikuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Mke wangu alikuwa mwimbishaji. Kwetu, siku ya kupura ulezi unapika kimpumu, pombe yetu, unaita majirani. Wanawake wanashika fimbo, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia huku wanapiga. Huyo mmoja alikuwa yeye. Mwaka wake wa mwisho, binti yetu, ambaye ni mwalimu, alimrekodi kwa simu. Dakika nne. Katikati anakohoa, anacheka, anamwambia jirani, "We, piga ulezi, usinipige mimi!" halafu anaudaka wimbo palepale alipouachia.

Sina picha nyingine ya mke wangu inayosogea.

Tulipomaliza matanga binti akaiweka mtandaoni, na jina la mama yake juu. Ndugu wa Namanyere wakaiona, wakalia. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Kulikuwa na ubatizo Chanji, memori kadi ya simu imejaa, nikamwambia binti, "Futa ya mama, si iko mtandaoni?" Nilidhani mtandao ni kihenge cha ulezi: ukishaweka chako ndani na kufunga, ni chako.

Mavuno yaliyopita nikaifungua. Kiza. Yakatokea maandishi: video imeondolewa kwa madai ya hakimiliki. Mdai, studio moja ya mjini.

Nikawakumbuka. Vijana wawili walikuja siku ya kupura, baada ya msiba, wakawarekodi wanawake wakiimba wimbo uleule. Mimi mwenyewe niliwapa kimpumu nikawaambia, "Chukueni, wimbo haunyimwi mtu." Ndivyo ilivyo kwetu: aliyekuja kupura anaondoka na wimbo. Hawa fimbo hawakugusa. Walikwenda wakauwekea ngoma za mashine, wakausajili.

Nikaenda mjini na binti yangu. Mwenye studio akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umemfuta mke wangu."

"Mzee, si mimi, ni mfumo. Wimbo tayari umesajiliwa."

"Umesajiliwa na nani? Wewe fimbo ya kupuria unajua inashikwa upande gani?"

Akacheka. "Mzee mkali! Basi tuyamalize. Unasaini hapa kwamba wimbo ni wa studio, sisi tunaondoa madai, video inarudi."

"Baba, usisaini," binti akasema. "Wimbo huu ni wa akina mama wote. Wewe hujawahi hata kuuitikia."

"Na mama yako arudi vipi?"

"Tulalamike. Tulete wale waliokuwa wakiimba naye, waeleze."

"Mtalalamika mpaka lini? Mwenye kufuta ni huyu, na mwenye kurudisha ni huyuhuyu."

Mwenye studio alikuwa amekwisha kuisukuma karatasi mbele yangu. Mimi nimewahi kumfukuza karani wa mahindi na mizani yake, nimewahi kumkatalia mbele ya watu diwani aliyetaka shamba langu. Siku hiyo nilishika kalamu. Jina langu nilijifunza upya kuliandika nikiwa na watoto wawili, na ninaliandika polepole, herufi moja moja. Binti yangu aliziangalia mbili za kwanza, akatoka nje.

"Kalamu ni zawadi, mzee, nenda nayo," mwenye studio akaniambia. Nikaiacha mezani. Ndicho kitu pekee nilichokataa siku ile.

Video ilirudi wiki hiyohiyo. Chini yake sasa kuna jina la studio, na kabla mke wangu hajafungua mdomo kuna mtu anatangaza sabuni.

Binti yangu anasema niligawa wimbo wa wanawake wa watu. Nimemjibu kwa ukali mara mbili, na mara zote mbili nilijua anasema kweli. Huwa naiangalia video jioni, nikishafunga ng'ombe. Binti akija kunisalimia, naizima kabla hajavuka mlango.