Swali la Kokoo Nashipae

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipoingia kanisani Kitengela nikiwa na sare ya kwaya kwenye mfuko. Sikuwa naenda kuimba. Nilitaka kumrudishia mwalimu wa kwaya, nimwambie asante, halafu nisionekane tena pale.

Miaka hiyo ya tisini Kitengela ilikuwa bado mbuga. Pundamilia walipita nyuma ya nyumba tuliyopanga, nasi watu wa magharibi ya nchi tuliofuata kazi za waume zetu tulikuwa wachache. Wafula wangu alifanya kazi katika kiwanda cha saruji. Tulikuwa na mtoto mmoja, Nekesa, msichana wa mashavu, aliyecheka kila akiona kuku. Homa ya mapafu ilimchukua kabla hajajifunza kutembea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hivyo hapo sitakaa sana.

Wageni walikuja, wakaomba, wakaniambia ni mapenzi ya Mungu. Mmoja alisema Mungu alihitaji malaika. Nikamjibu kimoyomoyo: hao alionao hawatoshi? Kwa mdomo nikasema, "Amina." Nikawa mtu wa Amina. Kanisani nilijibu pamoja na wenzangu kwamba Mungu ni mwema, huku moyoni nimefunga mlango kwa komeo. Hata jina la mtoto sikulitaja tena, wala Wafula hakulitaja mbele yangu. Mficha maradhi, kifo humfichua. Imani yangu ilikuwa inakufa taratibu, ikiwa imevaa vizuri.

Basi Jumapili hiyo, wakati wa ushuhuda, akasimama Kokoo Nashipae. Kokoo kwa Kimaasai ni nyanya. Huyu alikuwa bibi mrefu, shanga mpaka mabegani, aliyetuletea maziwa mtaani. Kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wake. Wanawe waliwaswaga mpaka upande wa Loitokitok kutafuta majani chini ya mlima, wakarudi na fimbo tu mikononi.

"Mimi leo sina ushuhuda," alisema. "Niko na swali, na si ya pasta. Ni ya Mungu."

Akainua macho kwenye mabati.

"Mungu, niliomba mvua. Ng'ombe imekufa yote, hata ile nyeusi yenye nilikuambia jina yake. Ulikuwa wapi?"

"Amina," mchungaji akasema haraka, akinyoosha mkono achukue kipaza sauti.

"Pasta, ngoja na Amina yako. Sijamaliza."

Mtu akacheka huko nyuma, kisha kanisa zima, hata mchungaji mwenyewe. Kokoo alingoja tutulie.

"Mungu, ningeenda kukusengenya huko nje kwa majirani. Lakini wewe ni baba yangu, nimekuuliza hapa kwa nyumba yako. Nimekasirika. Na siendi mahali." Akaketi.

Mwanangu, sikujua hata nimesimama saa ngapi. Nilisikia tu sauti yangu ikisema, "Mimi pia. Msichana wangu aliitwa Nekesa." Nikalia mbele za watu kilio ambacho sikulia hata kaburini. Wafula, mtu mkimya yule, akaja akanishika, akalia kunishinda. Safari hii hakuna aliyetuletea habari za malaika.

Kokoo akapita katikati ya viti, akaniwekea mkono kichwani, akanitemea mate kidogo ya baraka, jinsi wazee wa Kimaasai wafanyavyo. Sikuwa naijua desturi hiyo. Nilishtuka, nikaanza kucheka huku nalia.

"Hii si nguo ya kwaya?" akauliza, akichungulia mfukoni. "Kwa nini haujavaa? Imba."

"Kokoo, sauti imeisha."

"Imba hivyo hivyo. Mungu amevumilia kelele yangu, atavumilia na yako."

Nikaimba. Niliimba vibaya, mwanangu, hata mwalimu wa kwaya akageuka kutazama dirishani. Lakini lilikuwa neno la kwanza la kweli nililomwambia Mungu tangu msiba.

Usidhani mvua ilinyesha jioni ile. Ilikawia sana. Kokoo alianza upya na mtamba aliyepewa na ukoo wake, na maziwa yaliporudi, alitusimulia vituko vya mnyama huyo mpaka chai ikapoa. Mimi nilijaliwa watoto wengine, nao wote wanamjua dada yao kwa jina. Swali langu halijajibiwa mpaka leo. Ila niliyemuuliza sijamhama, na yeye hajanihama.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifiwa, ukiumia, ukaona shaka imekaa kifuani, usidhani imani imekwisha. Mtoto humlilia mama yake, hamlilii mpita njia. Mwambie Mungu maneno yako jinsi yalivyo, hata yakiwa makali. Yeye si mgeni wa kutolewa vikombe vya kabatini. Nawe ukienda kwa aliyefiwa, usibebe majibu. Beba unga na majani ya chai, keti, uliza jina la aliyeondoka, usikilize. Na kicheko kikija katikati ya kilio, usikifukuze, nacho kimetumwa.

Mungu akusikilize ukiwa na hasira, akushike ukiwa na shaka, akupe watu wa kulia nawe bila kukuhubiria. Akuzeeshe vizuri, na nyumba yako isikose mgeni wala kitu cha kucheka pamoja naye.