Miti Mifupi Nyuma ya Nyumba

Mama alitaka mwembe. Alinieleza siku ileile niliyorudi kutoka chuoni, kabla sijamaliza kunawa vumbi la treni.

"Si umesomea kilimo? Basi nipandie mti hapo nyuma. Mti mkubwa, baba, unaoonekana kutoka barabarani."

Nilijua sababu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kaka yake, baba mkubwa wangu aliyekuwa akilima Sibwesa, alikuwa ameanza kusema kwamba kiwanja chetu cha Nsemulwa ni mali ya ukoo, kwamba walikitafuta wawili yeye na marehemu, na kwamba nusu ya nyuma ataichukua aiuze. Kiwanja hakikuwa kimepimwa. Mtaani kwetu kilichoonyesha kuwa hapa ni pa mtu kilikuwa nyumba yake na miti aliyopanda. Mpangaji angeweza kulima mahindi miaka na miaka bila kuulizwa, lakini siku atakayochimba shimo la mwembe mwenye nyumba angekuja mbio. Kwa hiyo mama hakuwa na hamu ya maembe. Alitaka kubaki kwake.

Mtu mwingine angechukua jembe. Mimi nilianza kufikiri.

Muda wa kufikiri nilikuwa nao. Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri, na wahitimu tulikuwa tumerudi kwa mama zetu na mabegi yetu. Kila asubuhi nilisimama nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, nikiangalia kile kipande cha udongo mwekundu kati ya choo, jiko la nyasi na kiwanja cha jirani. Kilikuwa kidogo sana. Ng'ombe mmoja akilala, kimejaa. Niliuona mwembe ukiwa mkubwa tayari. Niliona mizizi yake ikipita chini ya msingi wetu wa matofali mabichi na kuupasua. Niliona kivuli chake juu ya mihogo ambayo jirani alikuwa akianika, jirani akikasirika, kesi ikifunguliwa. Niliona watoto wa mtaa mzima wakiyarushia maembe mawe na mawe yakitua kwenye mabati yetu. Tena mwembe wa kokwa huchukua miaka kabla ya kuzaa, na baba mkubwa hakuonekana kama mtu wa kusubiri miaka.

Mama alikuwa na mche wa mwembe aliouotesha mwenyewe kwenye kopo la mafuta ya kula. Ulikauka humo humo koponi, mimi nikiwa bado naamua.

Nikamwambia, "Mama, tupande miti mifupi. Inazaa upesi na haisumbui mtu. Ikishazaa, nani atabisha kwamba si miti?"

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Hata kuchagua hiyo mifupi kulinitesa. Mpapai niliukataa kwa sababu watu wangesema si mti wa kudumu. Mpera nao huchipua ovyo kutoka mizizini. Mchungwa hutanuka. Nilikuwa nikiamka na jibu, mchana nimelikanusha. Mwishoni niliamua juu ya mlimau mmoja, mkomamanga mmoja, na mstari wa miforosadi mpakani, vile vichaka vinavyotoa matunda madogo meusi yanayopaka vidole rangi. Mvua zilikuwa zimeshaanza nilipopanda baiskeli kwenda Magamba kwa mkulima mmoja aliyekuwa na miche ya kubebesha, yaani tawi la mlimau mzuri lililoungwa kwenye shina la mwingine.

"Unataka wa kwenda juu au wa kukaa chini?" aliniuliza.

"Wa kukaa chini."

"Chini kabisa?"

"Eneo ni dogo, mzee."

"Basi uukate kila mwaka. Usiupe nafasi ya kujiona mkubwa."

Nilicheka naye. Nilirudi na mche umefungwa nyuma ya baiskeli, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nimalize chuo.

Jirani yetu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, alikuja kusimama mpakani siku niliyomaliza kupanda.

"Bwana shamba! Hiyo ni miti au mmepanda mchicha?"

"Miti."

"Haya. Mniambie mapema basi. Ng'ombe wangu akipiga chafya hapo mtaanza upya."

Mama alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Niliitunza miti ile kama mgonjwa. Niliizungushia majivu kuzuia mchwa. Kiangazi kilipokuja niliinywesha maji yaliyooshewa vyombo. Kila tawi lililojaribu kupanda juu nililikata, nikisimama mbali na kutazama, nikikata tena. Mara moja mama alinishika mkono wenye kisu.

"Uache uende juu, baba."

"Ukienda juu utachelewa kuzaa."

"Uchelewe."

Nikamweleza habari za matawi na matunda mpaka akaniachia mkono na kurudi jikoni. Nilikata.

Na kweli ilizaa. Masika ya pili mlimau ulikuwa na malimau makubwa kuliko ya sokoni, ukiwa haujafika kiunoni kwangu. Miforosadi ilizaa mpaka ndege wakachoka. Niliamini nimeshinda, na kwa kuwa sijazoea kuamini hivyo, nilipata shida ya usingizi.

Baba mkubwa alikuja kiangazi kile, pamoja na wazee wawili wa ukoo na balozi wa nyumba kumi, ambaye ndiye angesema mwisho nani mwenye haki.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Bado uko hapa hapa tu?"

"Nasubiri, baba mkubwa."

"Nyie wasomi mnasubiri nini siku zote?"

Mama aliwapikia. Alitenga ugali na migebuka ya kutoka ziwani, na pembeni sahani ya malimau yaliyokatwa. Baba mkubwa alikamulia samaki wake nusu nzima, akala, akalamba vidole.

"Limau tamu hili, shemeji. Umelitoa sokoni?"

"La hapo nyuma, shemeji. Mwanao ndiye aliyepanda."

"Ahaa," alisema, akachukua kipande kingine.

Baada ya kunawa wote tulizunguka nyuma. Balozi hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia mama kwa upole.

"Haya mama, tuonyeshe alama zako."

Mama akanyoosha mkono. Balozi alitazama kule, akatazama tena, kama mtu aliyeambiwa kuna kuku na hamwoni.

"Miti iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo hapo."

"Hii?" Aliinama. Ilibidi ainame ili ashike jani la mlimau. "Hii ndiyo miti?"

Mzee mmoja wa ukoo akacheka. "Hayo maua, balozi. Kule misheni wameyapanga hivyo hivyo njiani."

Nikaingilia. Nilisema kwa haraka, na nilijisikia nikisema kwa haraka. Nilisema ni miti ya kudumu, itaishi kuliko sisi, kwamba ufupi wake ni wa makusudi, nimekuwa nikiikata mwenyewe.

"Mti wa kudumu unaukata wa nini?" balozi aliuliza. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua.

"Eneo ni dogo," nilisema.

"Mmesikia?" Baba mkubwa hakupandisha hata sauti. "Jamani, mtu aliye kwake anapanda kwa woga namna hii? Aliye kwake anachimba shimo, anaweka mwembe, anayeona vibaya shauri yake. Hawa wamepanda vitu vya kung'oa na kuondoka navyo. Walijua wenyewe."

Nilimtazama mama nikidhani atasema kitu. Alikuwa anatazama miforosadi.

Balozi akasema nyumba ni ya mjane na hakuna wa kumgusa humo, lakini hapa nyuma haoni alama ya mtu. Wazee wakaitikia. Mama akasema, "Sawa." Wakapeana mikono. Wakati wa kuondoka baba mkubwa aliomba malimau machache ya njiani, na mama akaenda akamchumia, akachagua yaliyoiva vizuri, akayafunga kwenye kitambaa.

Tangu siku ile nimeipitia kesi hiyo kichwani kila namna. Ningepanda mwembe, ungekuwa na miaka miwili tu, fimbo yenye majani, wangeucheka pia. Au wasingeucheka, kwa sababu kila mtu hapa anajua fimbo ile itakuwa nini. Au baba mkubwa angetafuta neno lingine, maana aliyekuja na wazee wake kutoka Sibwesa hakuja kuhesabu matawi. Nikifika hapo napata nafuu kidogo, halafu nakumbuka balozi alivyouliza mti wa kudumu naukata wa nini, na nafuu inaisha. Mama hajawahi kunilaumu. Laiti angenilaumu, ningekuwa na kitu cha kujibu.

Aliyeuziwa na baba mkubwa alikuwa mfanyabiashara mstaarabu. Alituambia tuchukue maua yetu kabla hajaanza kujenga. Ilikuwa Agosti, ardhi imekauka kama tofali. Nilichimba kwa sururu nikakata mizizi mingi kuliko niliyoiokoa. Mbele ya nyumba, kati ya mlango na barabara, hapakuwa na nafasi zaidi ya upana wa mkeka, na humo nikaishindilia yote. Mkomamanga ulikufa kwanza. Mlimau uliangusha majani, ukabaki mifupa yake, nami niliendelea kuumwagilia muda mrefu baada ya kujua umekufa.

Choo na jiko vilikuwa upande uliouzwa. Choo tunaomba kwa jirani mwenye ng'ombe, na mama huenda alfajiri kabla hawajaamka ili asiwasumbue. Jiko amelihamishia mbele, mafiga matatu kando ya barabara. Kila anayepita huona tunapika nini na kiasi gani, na mama, ambaye maisha yake yote alifunika sufuria yake, inambidi amkaribishe kila mmoja.

Juzi nilimwambia nitamjengea uzio. Nilikuwa tayari nimefikiria matete, kisha mabanzi, kisha nikaona matete yatashika moto na mabanzi yataingia kwenye eneo la barabara, labda tuzungumze kwanza na balozi.

"Acha, baba," alisema, akigeuza ugali. "Kaa tu."

Nikakaa. Wanawake wawili walikuwa wanakuja na ndoo zao kichwani.

"Karibuni," mama alisema.

"Starehe, mama," wakajibu, na wote wawili wakatazama sufuriani.