Chupa ya Mawese Mlimani

Mwaka uhuru ulipokuja, baba yangu aliondoa majani juu ya nyumba yetu ya Nyamianda, pale Uvira, akapiga manjanja, yaani mabati. Alikuwa fundi wa kujenga, na hakutaka watu waseme fundi mwenyewe analala chini ya majani. Mabati yaling'aa kweli, lakini mchana ndani hakukalika. Mama alimwagia sakafu maji, akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, tukajilaza kwenye udongo mbichi mpaka upepo wa ziwa uanze. Baba alisema tutazoea.

Kabla hatujazoea, uasi ukafika mjini. Baba alibaki na nyumba. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, mimi nikabeba chupa ya mafuta ya mawese, tukapanda milima siku mbili. Nilikuwa na miaka tisa. Mjane mmoja Mfuliiru, wa kabila la milima hiyo, alitupokea. Kila mtu alimwita Koko, kama nyanya yake.

Nyumba yake ilikuwa duara, ya mianzi na nyasi, bila dirisha hata moja. Moto uliwaka katikati, mbuzi wanne walilala upande mmoja, na moshi ulijitafutia njia kwenye nyasi za paa. Mama alikohoa, akaacha mlango wazi.

"Weye mama, funga mulango," Koko akasema. "Baridi iko naingia."

"Na moshi, Koko?"

"Kaa chini. Moshi haikaake chini."

Tukakaa chini, na kweli, macho yakaacha kuwasha.

Asubuhi yake mama aliinamisha chupa juu ya chungu, hakikutoka kitu. Mawese yalikuwa magumu kama sabuni. Aliogopa, akadhani kuna mtu ametutupia uchawi. Koko alicheka hadi akajishika mbavu, akaisogeza chupa motoni. Mafuta yakalegea, rangi nyekundu ikarudi.

"Mawese iko kama muntu wa Uvira," alisema. "Inaogopa baridi."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Nikaanza kuzunguka na chupa ndani ya nyumba, nione baridi inakaa wapi. Karibu na mlango mafuta yaliganda kabla viazi vilivyokuwa motoni havijaiva. Kitandani yakawa kama uji mzito. Lakini kati ya mbuzi na ukuta, mbali na moto, yalitembea polepole kama asali, na moshi haukufika. Sikuamini. Nilirudia mara tatu.

Siku hizo mdogo wangu alikuwa anakohoa. Motoni moshi ulimkaba, kitandani alitetemeka. Mama alikuwa amechoka kumbeba.

"Mama, mulaze kwa mbuzi," nikamwambia.

"Mutoto wangu si mbuzi."

Koko alinitazama, kisha akatazama chini. "Huyu mutoto anasema kweli. Minye mwenyewe nililaza watoto wangu wote pale. Niliona haya kuwaambia watu wa muji."

Tukatandika nyasi kavu, tukamlaza mgongo ukielekea mbuzi. Siku ya tatu kikohozi kikapungua, na mama naye akahamia kulekule, akinuka mbuzi bila kulalamika.

Uasi ulipotulia tulirudi Uvira, tukamkuta baba mzima. Mama akamwomba aweke nyasi chini ya mabati, zizuie joto kama nyasi za Koko zilivyozuia baridi.

"Watu watasema tumerudi nyuma," baba akajibu.

Basi baba alipokuwa kazini Mulongwe, mimi na mama tulikata matete kando ya ziwa, tukasuka mikeka siku nyingi. Siku moja tukaitundika chini ya paa, na juu yake tukashindilia nyasi kavu. Saa saba mchana baba akaingia, akasimama, akanyoosha mkono juu kutafuta joto la mabati.

"Mumefanya nini?"

"Tumevalisha nyumba kwa ndani," mama akasema. "Inje hakuna mwenye ataona."

Baba alivua viatu, akala palepale, akasinzia kwenye kiti. Baada ya majuma machache majirani wawili walikuja kuuliza tulifanyaje, na yeye ndiye aliyewaeleza, kwa kirefu, kama kwamba wazo lilikuwa lake. Panya nao walikuja, wengi mno, ikabidi mama atafute paka.