Noelene Trask na Mtafiti wa Saa Kumi

Dokta Hadley Pruett alifika kwenye seti ya kurekodia na kofia mpya kichwani na kinasa sauti kikining'inia shingoni. Noelene Trask alimtazama mara moja tu, akarudi kwenye daftari lake. Miaka thelathini na moja ya kutunza mwendelezo ilikuwa imemzoesha kutazama mara moja. Kazi yake ilikuwa kuandika glasi ilishikwa kwa mkono upi, kola ilikaaje, mvua ya bandia ilianza kunyesha kwenye neno gani, ili picha ya leo ishikane na ya juzi. Pembeni ya kila ukurasa aliandika na jambo ambalo hakuna aliyemtuma: saa wafanyakazi walipoanza kazi na saa walipoachiwa.

Walikuwa wakirekodi tamthilia ya polisi wa majini huko Gold Coast, mji wa pwani karibu na Brisbane, ndani ya banda lenye joto la tanuri, kasuku weupe wakiharibu sauti kila walipopita juu ya bati. Prodyuza wao, Brigid Mowle, alimtambulisha mgeni. Anatoka chuo kikuu Brisbane, anatafiti maisha ya watu wa filamu na televisheni, atakaa nao wiki mbili ajionee mwenyewe.

Akajionea, mpaka saa kumi alasiri. Saa kumi ikigonga mkoba ulikuwa umeshafungwa, maana barabara ya Brisbane hujaa magari. Kabla ya hapo alikaa kwenye kivuli, akala pai za nyama za bure, akamhoji Brigid mara tano na mwongozaji mara tatu.

Siku ya tatu alimsogelea Noelene. "Samahani, mama, kahawa inapatikana wapi?"

"Kwenye lile gari la kahawa."

"Na wewe kazi yako nini hapa?"

"Naandika."

"Aa, karani!"

Darcy Quill, fundi taa, alikuwa juu ya ngazi. Alicheka nusura adondoshe taa. "Dokta, huyo karani akiumwa kichwa leo, sote tunarudi nyumbani."

Pruett akatabasamu. Hakuandika kitu.

Siku ya mwisho aligawa madodoso. Unaipenda kazi yako kwa kiasi gani, moja hadi tano? Yakishajazwa yapelekwe ofisini kwa Brigid, yawekwe juu ya meza yake.

"Yaani niandike kwamba bosi ananiua, halafu nimkabidhi bosi mwenyewe?" Darcy aliuliza.

"Andika tano," Noelene alimwambia. "Wote wanaandika tano. Ndivyo watu wanavyopata udokta."

Wiki mbili baada ya mtafiti kuondoka, walianza kazi saa nane mchana wakaachiwa saa moja asubuhi iliyofuata. Darcy alisinzia kwenye usukani jua likiwa limeshatoka, gari likauvaa mti kabla ya kufika mtaa wa Nerang. Hakufa, ila nyonga ilisagika, na fundi taa asiyeweza kupanda ngazi ni mtu wa kukaa nyumbani. Brigid alipeleka maua na kadi.

Noelene alipokwenda hospitali, Darcy alimuuliza, "Wewe ulikuwa unajua tumefikisha masaa mangapi?"

"Kumi na saba."

"Ukasema?"

"Nikaandika."

Darcy aligeuza uso ukutani. Njiani kurudi, Noelene alijiona hana tofauti kubwa na yule mwanaume wa kinasa sauti.

Mwaka uliofuata kitabu cha Pruett kikatoka. Noelene alikisoma chote, kwa hasira ya mtu anayekagua kazi mbovu. Sura ya nne ilisema kwamba seti ni "familia", na kwamba saa ndefu ni "jambo wanalolichagua wenyewe kwa mapenzi ya sanaa". Tanbihi zote zilimtaja Brigid.

Siku ya uzinduzi, katika duka la vitabu Brisbane, alikaa mstari wa pili na madaftari sita mapajani. Maswali yalipofunguliwa alisimama.

"Dokta, siku ulizokuwa nasi, tuliachiwa saa ngapi?"

"Kwa wastani, kama saa kumi na moja jioni hivi."

"Umeipata wapi?"

"Kwenye mahojiano. Na kwa kushuhudia, bila shaka."

"Ulishuhudia mpaka saa kumi." Akafungua daftari. "Siku uliyonibatiza karani tuliachiwa saa nne usiku. Kesho yake saa tano. Uliomba ratiba za kazi? Taarifa za kila siku? Mikataba? Ulimuuliza hata mtu mmoja anayebeba waya?"

"Kila mbinu ina mipaka yake, mama yangu."

"Yako mipaka yake ni foleni ya magari."

Watu walicheka, Pruett naye akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kwenye sherehe. Noelene hakucheka. Alisoma tarehe moja baada ya nyingine, hadi asubuhi ya Darcy.

Brigid hakumwita tena kazini, na simu za maprodyuza wengine nazo zikanyamaza. Chama cha wafanyakazi kilinakili madaftari yote, na katika mkataba uliofuata kikapata kifungu kimoja: anayevuka masaa kumi na mawili kazini hutafutiwa usafiri wa kumrudisha nyumbani. Kifungu kimoja tu. Darcy alipoambiwa alisema, "Angalau," kisha akaomba sukari zaidi kwenye chai.

Pruett alimwandikia barua ndefu. Alitaka "washirikiane", ayatumie madaftari katika toleo la pili, na Noelene aitwe "mhojiwa namba thelathini na nane". Ndani aliweka fomu ya ridhaa ya kutiwa sahihi.

Noelene aliiweka fomu mezani, akaisoma kwa jicho lake la kazini. Tarehe ilikosewa. Jina la tamthilia lilikosewa. Jina lake lilikuwa limeandikwa Noeline. Alisahihisha yote matatu kwa kalamu nyekundu, akaiacha nafasi ya sahihi tupu, akairudisha kwa posta.