Njia ya Nyuma ya Mihogo

Juzi, sokoni Nchelenge, niliona wasichana wawili wakizunguka mbali ili wasipite mbele ya wanaume waliokaa wakishona nyavu. Nikamkumbuka yaya Feza, dada yangu mkubwa.

Utotoni, sisi pia tuliwazunguka washona nyavu wa kwetu. Tukienda kuteka maji ziwani, Feza alinipitisha nyuma ya mashamba, kwenye harufu ya mihogo iliyolowekwa, nami nikinung'unika kwa uchovu. Mchana mmoja, mmoja wa wale washona nyavu aliniita, akanipa kitumbua cha moto.

"Mutoto, yaya yako anapitaka wapi siku hizi?"

Nilidhani anataka kumsaidia kubeba ndoo. Nikamwonyesha kwa kidole, midomo ikimetameta kwa mafuta.

Alasiri ile Feza alirudi bila ndoo, kitenge kimechanika. Baba akamkataza kutoka, hata shule akaacha. Mimi, mvulana, niliendelea kwenda nilikotaka.

Jana nilimpigia simu huko Kafutuma, nikamwambia yote.

"Nilijua," akasema. "Yule mutu aliniambia yeye mwenyewe, anacheka."

Nilitamani anitukane. Akaniuliza tu kama batoto bangu bamekula.