Kitambaa cha Mama Juu ya Kabati la Mawasiliano

Nyumbani kwetu, redio isiyofunikwa kitambaa ni redio ya mlevi. Ndivyo nilivyolelewa, kwa hiyo msinicheke mapema.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale nikapata kazi katika kiwanda cha maziwa mjini Mbarara. Nilikuwa na cheti cha ufundi kutoka Zaire, kimeandikwa kwa Kifaransa, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kukisoma, wote walikiheshimu. Wafadhili walikuwa wameleta mtambo wa kuendeshea kiwanda kwa kompyuta. Vipimo vya joto vilikuwa kwenye ukumbi wa kuchemshia maziwa, skrini ilikuwa ofisini ng'ambo ya uwanja, na kando ya skrini lilisimama kabati la chuma lenye kadi ya mawasiliano, kibao chembamba chenye ukubwa wa daftari la shule. Kadi ilipokea habari za vipimo, ikazifikisha kwenye skrini, kisha ikarudisha amri kwa vali za kufungua na kufunga mvuke. Ikifa, kiwanda kizima kinakuwa bubu. Mimi niliajiriwa ili isife.

Adui wangu alikuwa vumbi, maana kiangazi cha Mbarara hukupaka rangi hadi ndani ya masikio. Mama yangu, aliyebaki Nakivale, akanifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, nami nikakitandaza juu ya kabati, kikaning'inia pande zote. Meneja alipokiona alisema sasa ofisi imekuwa ofisi. Kitabu cha maelekezo ya mtambo pengine kilikuwa na maoni tofauti, lakini meneja alikuwa amekifungia kwenye sefu ili kisichafuke.

Wiki mbili baadaye, saa saba mchana, skrini iliganda. Nikachomoa kadi, nikachomeka ya akiba, ambayo ndiyo ilikuwa ya pekee. Nayo ikaanza kuzirai kila mchana na kuzinduka asubuhi. Nilikagua nyaya zote. Nililaumu umeme, kwani umeme wetu haujawahi kukosa hatia. Wakati huo wote, mlinzi wa lango, askari mstaafu mwenye sauti ya gwaride, alisimama mlangoni mwa ukumbi akinisomea kipimo cha mkono:

"Fundi! Moto iko sabini na nane! Nafanya nini?"

"Punguza mvuke!"

"Sawa! Imeanguka! Sabini na tatu!"

Mtambo uliovuka bahari ulikuwa umeshindwa na koo la mtu mmoja, tena koo ambalo halikuhitaji akiba.

Meneja hakucheka. Wafadhili wangekuja Jumatatu kukagua. Aliniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya askari wa vizuizini na hakutaka kukijua, kwamba kadi ikizirai mbele ya wageni ningerudi Nakivale siku hiyohiyo, na barua yangu ya ruhusa ya kuishi mjini angemrudishia kamandanti wa makazi. Nikajiona kwenye foleni ya mahindi, na sahani mkononi. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilimgombeza mlinzi, mtu pekee aliyekuwa akifanya kazi yangu.

Ijumaa mama akaja. Alidandia lori la maziwa pale Rwekubo, karibu na makazi, na mfuko wa maharage mapajani, kwa sababu alitaka kuona kitambaa chake kimekaa wapi. Alinikuta nimeinamia skrini iliyoganda. Akasimama mbele ya kabati, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakitoa haraka.

"Mutoto wangu, hii kintu iko na joto mingi. Juu ya nini umefunika fasi yake ya kupumua?"

"Mama, ni vumbi. Hii ni mashine, si sufuria."

"Hata sufuria, ukiifunika sana, inafurika. Benye kuitengeneza balitoboaka haya matundu bure?"

Nikakitoa. Juu ya kabati kulikuwa na safu za matundu, na nilikuwa nimeyaona kila asubuhi nilipokinyoosha kitambaa. Tukasubiri. Saa haikuisha, skrini ikazinduka, namba zikaanza kucheza.

Meneja aliziona kupitia dirisha akaja mbio. Akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyegundua tatizo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mikono magotini, akimtazama kwa adabu.

"Mimi," nikajibu.

Meneja akanipigapiga begani, akamwinamishia mama kichwa. Mlinzi, aliyekuwa mlangoni mwa ofisi na anayeelewa lugha zote mbili, akatazama buti zake.

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

Kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha ujumbe unafika kama ulivyotumwa.

"Anakusalimu."

"Aksanti. Umuambiye nami namusalimia. Umuambiye namuombea, juu ya ile kazi alikupatia."

Nikamgeukia meneja nikamwambia kwamba mama anaaga.

Jumatatu wageni walikuja, wakatazama namba, wakala biskuti, wakaondoka. Nilibaki na kazi na barua yangu. Niliona aibu, na bado ninayo. Maana mama alirudi Nakivale akawatangazia majirani kwamba bosi wa Mbarara alimwinamia, na tangu hapo kila dereva wa lori aliniletea maneno yaleyale kutoka kwake: "Musalimie bosi." Aliendelea kutuma salamu hizo hadi mwaka aliofariki. Sikuzifikisha hata moja.