Mipira ya Bega la Kushoto

Majirani zake wa mtaa wa Bawshar walijua tu kwamba Muhsina alisoma Marekani, na kwamba kutwa yumo ndani anatazama video. Kazi yenyewe ilikuwa hii: kampuni moja ya huko ilimtumia video za vijana wa vyuo wanaocheza futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira uliochongoka, naye awapime kabla timu za kulipwa hazijakaa mwezi wa nne kuwachagua. Fungu lake lilikuwa wapokeaji, wale wenye mbio wanaodaka mipira ya mbali.

Ijumaa hiyo alikuwa na video za Deshon Pruitt. Wapimaji wenzake wote sita walishampa alama za juu kabisa. Ripoti ya Muhsina ilitakiwa saa kumi na moja jioni, na mpaka adhuhuri hajaandika hata mstari. Tangu Pruitt alipogongwa kichwa katika mchezo mmoja wa Novemba, mipira tisa ilikuwa imemponyoka, na yote tisa ilikuja juu ya bega la kushoto. Wenzake waliandika kwamba hatulii tu, atazoea. Muhsina alirudisha video mara ishirini. Kijana alikuwa ametulia. Ila mpira ukikaribia, aligeuza kichwa kizima kwa pupa, kama mtu aliyezimikiwa taa ghafla.

Azzam, nduguye, aliporudi kutoka msikitini na kanzu yake alimkuta uani ameshika kitambaa na mipira ya tenisi.

"Jifunge jicho la kushoto, ukimbie mpaka ukutani. Nnakurushia."

"Na dishidasha hii?"

"Ipandishe."

Mama yao, Bi Shariffa, alichungulia kutoka jikoni. "Mmeingia wazimu nyie? Chakula nshapakua!"

Azzam alikimbia, akageukia kushoto. Mpira wa kwanza ulimpiga shavuni, wa pili sikioni.

"Siuoni, Muhsina! Jicho hili la kulia linaona pua yangu tu!"

Iliyokuja kwa kulia akaidaka yote. Bi Shariffa alicheka. Muhsina hakucheka; aliacha chakula, akarudi kwenye kompyuta.

Aliandika kwamba Pruitt asipewe alama yoyote mpaka jicho lake la kushoto lipimwe. Alipoituma ripoti tu, simu ikalia. Alikuwa Halvorsen, mkuu wake.

"Watu sita wamemsifu, wewe peke yako unaniletea habari za jicho? Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Ukikosea, umemharibia kijana maisha. Futa."

Muhsina aliivuta kompyuta karibu, akausoma tena mstari wake.

"Nikikosea, atapimwa aambiwe mzima," alisema. "Nikipatia nanyi mkanyamaza, atagongwa tena. Sifuti."

Simu ilikatwa. Siku tisa hakuletewa video hata moja. Kila simu ikiita, alishtuka. Usiku aliota amemsingizia mtu.

Siku ya kumi ujumbe wa kampuni ulifika, mfupi: Pruitt alipimwa, na utando wa nyuma ya jicho la kushoto ulikuwa umeanza kubanduka. Alipasuliwa jicho siku hiyohiyo. Daktari alisema angegongwa tena sawasawa, jicho lingekwenda.

Timu zilipochagua, Muhsina alisoma orodha jina kwa jina hadi la mwisho. Pruitt hakuwamo. Alifunga kompyuta, akaenda kukaa jikoni kwa mama yake.

"Na jicho je?" Bi Shariffa aliuliza.

"Linaona."

"Basi alhamdulillahi."

"Lakini alikuwa na ndoto yake, mama. Na miye ndo nliyeandika."

Bi Shariffa alimsogezea bakuli la bamia, wakakatakata pamoja.

Mwezi wa nane timu moja ndogo ilimwita Pruitt ajaribiwe. Kampuni ilimtumia Muhsina video ya mazoezi hayo bila maelezo yoyote. Aliitazama amesimama. Mpira wa nne ulikuja juu ya bega la kushoto, kijana akaudaka. Wa tano, wa bega hilohilo, ukamponyoka. Muhsina akavuta kiti, akairudisha video mwanzoni.